Mafahali wawili wanaweza kukaa kwenye laptopu moja

Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilifunga ukurasa wa Windows 10, mfumo iliouingiza sokoni Julai 2015. Tangu siku hiyo kompyuta yenye mfumo huo haipati tena masasisho ya usalama kwa utaratibu wa kawaida. Inawaka, inafungua barua, inapiga hesabu, lakini ufa mpya ukigunduliwa hakuna anayekuja kuuziba.

Kwa mwenye duka la pembejeo wa Makambako au katibu wa chama cha msingi cha wakulima, habari hiyo inaweza kuonekana kama ya watu wa mjini. Si kweli. Laptopu tunazonunua kwa ajili ya biashara zetu kwa kawaida ni za mtumba, zilizokwisha kutumika ofisini Ulaya au Marekani kabla ya kufika Kariakoo. Ukiigeuza na kusoma kibandiko utakuta ni HP EliteBook 840 G3 ya mwaka 2016, au Lenovo ThinkPad T450 ya mwaka 2015. Ni mashine imara, lakini Windows 11 haizikubali.

Sababu ni masharti. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inataka RAM ya GB 4 na diski ya GB 64, mambo ambayo mashine hizo wanayo wenyewe. Lakini inataka pia kifaa kidogo cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na kwa upande wa Intel inataka kwa ujumla prosesa kuanzia kizazi cha nane, ambazo zilianza kutoka mwaka 2017. Mashine ya kizazi cha tano au cha sita imeachwa nje ya mlango, hata kama jana ilikuwa inafanya kazi bila kukohoa.

Ndani ya mashine hiyo ndimo yalimo madeni ya wakulima waliochukua mbolea kwa mkopo hadi mavuno, orodha ya mali iliyo stoo, na mahesabu tutakayoonyesha siku mkaguzi akibisha hodi. Kwa hiyo tusiichukulie kama habari ya vijana wa kompyuta. Ni habari ya mtaji.

Nimeona watu wakichukua njia tatu. Wa kwanza wanaendelea kama kawaida, wakiingia benki na kwenye barua pepe kwa kompyuta isiyo na mlinzi. Wa pili wanakopa ili wanunue mashine mpya, wakati msimu wa kupanda uko mlangoni na fedha hiyo ilipaswa kununua mbegu. Wa tatu wanamwendea fundi awawekee Windows 11 ya kuchonga, isiyo na leseni, ambayo hakuna anayejua imechanganywa na nini. Hao wa tatu wanavunja pia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo.

Mtazamo wangu ni kwamba ipo njia ya nne, na kwa wengi wetu ndiyo yenye nafuu: kuweka mifumo endeshi miwili ndani ya laptopu hiyo hiyo moja. Windows inabaki ilipo kwa ajili ya kazi isiyoweza kufanyika kwingine. Kando yake unawekwa mfumo wa Linux, ambao haulipiwi na ambao bado unapata masasisho, na huo ndio unaotumika kila unapoingia kwenye intaneti.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Ni kweli, na ndiyo maana hatuwaweki zizi moja. Diski ya kompyuta inagawanywa kama mtu anavyojenga ugo katikati ya boma: upande huu Windows, upande ule Linux. Hawatoki malishoni pamoja. Unapowasha mashine, inakuja orodha fupi kwenye kioo, nawe unachagua kwa vitufe vya mishale ni fahali yupi atoke leo. Yule mwingine anabaki amelala hadi utakapozima na kuwasha upya. Kwa sababu ni mmoja tu anayefanya kazi kwa wakati mmoja, mashine haielemewi. RAM yote na prosesa yote ni ya aliye macho. Wanachogawana ni nafasi ya diski tu.

Wapo wanaosikia neno Linux wakadhani ni jambo geni. Si geni kiasi hicho. Lilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, naye akaruhusu kila mtu alichukue, alibadilishe na kuligawa. Simu ya Android unayotumia kutuma fedha kwa mteja inaendeshwa na kiini hicho hicho cha Linux. Ubuntu, mojawapo ya mifumo maarufu ya aina hiyo, ulitolewa mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno la Kibantu ambalo Mswahili halihitaji mkalimani. Mwaka huo huo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa kwa Kiswahili programu huria ya ofisi ya OpenOffice, wakaipa jina la Jambo. Hivyo mbegu hii ilikwishapandwa nchini zaidi ya miaka 20 iliyopita. Sisi wafanyabiashara wadogo ndio hatukuipalilia.

Kwa anayetoka Windows, mimi napendekeza Linux Mint. Sura yake inafanana na ile tuliyoizoea: kitufe cha kuanzia kiko chini kushoto, mafaili yako kwenye makabati, saa iko chini kulia. Toleo la 22, lililotoka Julai 2024, limeahidiwa masasisho hadi mwaka 2029. Linaomba RAM ya GB 2 kwa uchache, ingawa GB 4 ndizo zinazofaa, na nafasi ya diski ya GB 20. Ndani yake unakuta kivinjari cha Firefox na LibreOffice ya kuandikia barua na kupigia hesabu, ambayo inafungua mafaili ya Word na Excel.

Msomaji mwerevu atauliza: kama Linux ni nzuri hivyo, kwa nini tusiifute Windows kabisa? Kwa baadhi yetu jibu ni kwamba ifutwe. Kama kazi yako yote ni kusoma barua pepe, kutumia WhatsApp kwenye kivinjari na kuandika mahesabu mepesi, huhitaji mafahali wawili. Lakini wengi wetu tumefungwa na programu fulani. Yupo aliyeanza kuandika mahesabu yake kwenye Tally au QuickBooks ya kompyuta, ambazo zimetengenezwa kwa ajili ya Windows. Yupo mwenye printa ya risiti ambayo programu yake ni ya Windows tu. Yupo aliyejaza Excel yake vitufe vya kujiendesha ambavyo LibreOffice inaweza kuvichanganya. Huyo ukimfutia Windows siku moja, umemfungia duka.

Basi kazi zigawanywe. Upande wa Windows ufanye mahesabu ya duka na usiunganishwe kabisa na intaneti. Upande wa Linux ndio uende sokoni: barua pepe, benki, kuangalia bei za mazao, kuwasilisha ritani ya kodi kwenye mtandao. Dukani kwetu tunafanya hivyo. Asubuhi hadi jioni ni Windows na mauzo. Jioni baada ya kufunga hesabu tunazima, tunawasha Linux na kushughulikia barua. Mwanzoni kuzima na kuwasha kulituchosha. Baada ya wiki mbili tulizoea, kama unavyozoea kufunga stoo kabla ya kufungua duka.

Sasa naomba niseme jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi, nami nalisema kwa sababu lilinigharimu.

Mara ya kwanza tulipojaribu kazi hii, nilimwita fundi, nikampa laptopu ya duka, nikaenda kuhudumia wateja. Alikuja na flashi yake, na haikupita nusu saa akaniambia tayari. Tulipowasha, Linux ilikuwapo lakini Windows haikuwapo. Programu ya kusimika mfumo ilikuwa imeuliza swali moja: je, mfumo mpya ukae kando ya Windows, au diski nzima ifutwe? Kijana alibonyeza la pili. Madeni ya misimu miwili yaliondoka kwa kidole kimoja.

Kilichotuokoa ni daftari la kaunta. Mke wangu hakuwahi kuiamini kompyuta, na kila mfuko wa mbolea uliotoka kwa mkopo aliuandika kwa kalamu kwanza. Tulikaa usiku kadhaa tukirudisha majina moja moja. Yale ambayo mimi niliyaingiza moja kwa moja kwenye kompyuta bila kupitia daftari hayakurudi. Wapo wakulima waliokuja wenyewe wakasema, nina mifuko mitatu kwako. Wapo pia waliokaa kimya wakasubiri tuthibitishe, na hatukuwa na cha kuthibitishia.

Simlaumu fundi peke yake. Kosa kubwa lilikuwa langu: nilikabidhi kitabu cha madeni kwa mtu bila kubaki na nakala. Hakuna anayempa dereva magunia 50 ya mahindi bila hati ya kupakilia.

Kwa hiyo ukikubaliana na ushauri wangu, fuata mpangilio huu, na usimame karibu na fundi wakati anafanya kazi.

Kwanza, nakala. Mafaili yote ya biashara yanakiliwa kwenye diski ya nje au flashi, kisha flashi hiyo inafunguliwa kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha mafaili yanasomeka. Programu ya mahesabu nayo ina sehemu yake ya kutoa nakala ya akiba, itumie. Flashi hiyo isikae mezani. Itolewe, iwekwe mfukoni au kabatini hadi kazi iishe.

Pili, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli la siri la Windows. Kama imefungwa, andika kwenye karatasi ule ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48 kabla ya kugusa chochote, kwani Windows inaweza kuudai baada ya mabadiliko haya. Asiye na ufunguo huo anaweza kubaki nje ya nyumba yake mwenyewe.

Tatu, zima ule utaratibu wa Windows wa kuwaka haraka. Ukiachwa, Windows haizimiki kabisa, inasinzia tu huku imeshika diski, na Linux ikija itazuiwa kuandika chochote upande ule.

Nne, punguza eneo la Windows ukiwa ndani ya Windows yenyewe, kwa kifaa chake cha kusimamia diski. Mwenye diski ya GB 256 anaweza kutenga GB 50 kwa ajili ya Linux na nyingine GB 60 kama uwanja wa pamoja. Uwanja huo uwe wa muundo wa NTFS, kwa sababu Linux inausoma na Windows inausoma. Ukiweka mafaili upande wa Linux peke yake, Windows kwa kawaida haitayaona.

Tano, jaribu kabla ya kusimika. Linux Mint inapakuliwa mara moja, ni karibu GB 3, na inawekwa kwenye flashi ya GB 8. Laptopu inawashwa kutoka kwenye flashi hiyo, kwa Lenovo na Dell mara nyingi ni kwa kubonyeza F12 na kwa HP ni F9, na mfumo unafunguka bila kugusa diski. Hapo jaribu Wi-Fi, sauti, na hasa printa yako. Printa nyingi zinakubali, baadhi zinagoma. Afadhali ujue mapema kuliko baada ya kumlipa fundi.

Sita, ndipo usimike, na hapo kwenye lile swali nililolitaja, mkono wa fundi usimame hadi wewe mwenyewe usome na kuridhika kwamba kilichochaguliwa ni kukaa kando ya Windows.

Baada ya hapo kuna vituko vidogo vya kuzoea. Kimoja ni saa. Linux hupenda kuiweka saa ya mashine kwa majira ya dunia, Windows huisoma kama saa ya hapa nyumbani. Kwa kuwa sisi Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu, unaweza kufungua Windows ukakuta imerudi nyuma saa tatu. Kwa mwenye kutoa risiti hilo si mzaha. Dawa yake ni amri moja ya kuiambia Linux ifuate saa ya nyumbani, na fundi aiweke siku hiyo hiyo.

Naomba pia nisieleweke vibaya. Mfumo wa pili si nakala ya akiba. Diski ni moja. Ikifa, mafahali wote wawili wamekufa. Laptopu ikiibwa, imeibwa na vyote. Nakala ya kila wiki kwenye flashi inayolala nje ya duka inabaki kuwa lazima, na daftari la kaunta bado lina heshima yake. Aidha, Windows iliyokatwa intaneti inaweza kuambukizwa virusi kwa flashi ya mteja anayeomba kuchapishiwa barua. Flashi za wageni zifunguliwe upande wa Linux.

Njia hii pia haimfai kila mtu. Mwenye laptopu ndogo ya diski ya GB 32 hana shamba la kugawa. Achague mfumo mmoja. Mwenye programu ya Windows ambayo ni lazima iwe kwenye intaneti muda wote, kwa mfano inayotuma taarifa za risiti papo kwa papo, hawezi kuikatia intaneti. Microsoft ilitangaza nyongeza ya mwaka mmoja wa masasisho ya Windows 10 kwa watumiaji binafsi wanaojiandikisha, hadi Oktoba 13, 2026. Huyo aitumie nyongeza hiyo kujipa muda, huku akiweka akiba ya mashine inayokubali Windows 11. Fedha hiyo itakuwa imetumika mahali pake.

Lakini kwa wengine waliobaki, yaani wenye duka, mawakala wa pembejeo, wasaga nafaka na makatibu wa vyama vyetu, sioni sababu ya kutupa mashine nzima kwa sababu tu aliyeuza mfumo wake amechoka kuutunza. Jembe likichakaa mpini, tunabadilisha mpini. Hatutupi chuma.

Ushauri wangu kwa vyama vya ushirika na SACCOS ni huu: chama kimoja kipakue Linux Mint mara moja, kiinakili kwenye flashi, na kiwagawie wanachama. Leseni yake inaruhusu, na hakuna atakayekuja kudai. Chama kimlipe fundi mmoja anayeifahamu kazi afundishe wengine kwa siku mbili, badala ya kila mmoja kujaribu peke yake na madeni yake mezani. Vyuo vyetu vya ufundi, VETA ikiwamo, viwafundishe vijana wa matengenezo kwamba kazi ya kwanza kwa laptopu ya mteja ni kuuliza nakala iko wapi, kabla ya kuuliza bisibisi iko wapi.

Nasi wenye mali tuache tabia ya kukabidhi mashine na kwenda zetu. Hakuna mfugaji anayempa mtu mwingine kisu achinje bila kumwonyesha ni ng'ombe yupi.